Wasomaji Wanauliza: Adui Asiyesimama Akingoja Kuuawa

Safari hii tumechagua barua tatu zinazohusu mapigano katika michezo ya mezani ya kuigiza, ambamo kila mchezaji ana mhusika wake na mwendesha mchezo huwachezesha maadui. Namba tunazotaja ni za Dungeons & Dragons, toleo la 5, kwa kanuni za mwaka 2014.

Habari za kazi, wahariri. Mimi ndiye mwendesha mchezo wa kundi letu la watu wanne. Kila nikileta goblini sita (vijitu waovu wa hadithini) wanamalizwa ndani ya raundi mbili, na wachezaji wanasema ni kama kufyeka majani. Niwaongezee uhai? (Msomaji, Sinza)

Usiwaongezee hata pointi moja, ndugu yetu. Goblini ana pointi 7 za uhai na ulinzi wa 15, yaani dadu ya anayemshambulia pamoja na nyongeza yake lazima ifikishe 15. Akipatwa vizuri mara moja amekwisha, na ndivyo alivyokusudiwa. Kosa ni kumtoa peupe akapambane uso kwa uso na watu waliovaa chuma. Nguvu zake ziko kwingine: upinde mfupi unaofika futi 80 bila shabaha kuharibika, nyongeza ya 6 anapojificha, na wepesi wake wa kuchomoka. Kwa wepesi huo, katika zamu ile ile aliyoshambulia, anaweza pia kujificha, au kujitoa mbele ya adui bila kupigwa pigo la bure.

Zamu yake basi iwe hivi. Anatokeza kwenye jiwe, anapiga mshale, anarudi nyuma kwa mwendo uliobaki katika futi zake 30, anajificha. Raundi inayofuata asitokee jiwe lile lile. Wachezaji wakishajua kichwa kitachomoza wapi, mmoja wao ataweka mshale tayari na kungoja, na atampata. Kwa hiyo chora mawe mengi kuliko goblini: kwa sita, weka vificho tisa au kumi, vikiachana futi 15 hadi 20, ili goblini ahame.

Tazama hesabu inavyobadilika. Mpiganaji mwenye nyongeza ya 5 anahitaji 10 kwenye dadu ya pande 20 kumpata goblini aliye wazi, yaani asilimia 55. Jiwe likimfunika goblini robo tatu ya mwili, ulinzi wake unapanda kwa 5, mpiganaji anahitaji 15, na nafasi inashuka hadi asilimia 30. Goblini akipiga bila kuonekana, yeye anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Uhai ni ule ule.

Lakini usiwafiche wote. Wachezaji wakikosa mtu wa kumfikia kwa raundi tatu mfululizo watakata tamaa, na hawatakosea. Goblini wawili wawe chambo karibu na njia, wanne wapige kutoka juu. Pia acha kijia cha kupandia nyuma ya mawe, ambacho mchezaji makini anaweza kukiona.

Kabla ya mchezo andika mistari mitatu tu: wanataka nini, wanaanzaje, wanakimbia lini. Kama wanataka mizigo na si roho za watu, mmoja wao atashughulika na kamba ya punda wakati wenzake wanapiga mishale. Na wakibaki watatu, watawanyike, kila mmoja njia yake. Goblini aliyetoroka kesho ana habari za kumpelekea mkubwa wake, na hapo mchezo wako unapata mguu wa pili.

Kuhusu meza yenyewe: chukua karatasi ya manila, chora miraba ya sentimita 3, kila mmoja ukiwa futi 5. Kizibo cha soda kinakaa humo sawasawa. Goblini akifanikiwa kujificha, ondoa kizibo chake na uandike kwenye daftari lako yuko jiwe la ngapi. Ukikiacha pale, wachezaji watakielekea hata bila kukusudia, maana macho hayana pazia.

Mwendesha mchezo wetu huwaelekeza maadui wote kwa mchawi wangu tangu raundi ya kwanza, hata mbwa mwitu. Akiulizwa anajibu kwamba adui mwenye akili humwanza mchawi. Ni haki? (Msomaji, Kigamboni)

Kwa mbwa mwitu hapana, dada. Akili yake imeandikwa 3. Hajui mchawi ni nani. Anachojua ni nani amejitenga na nani anachechemea, naye hufuata pale wenzake walipo, kwa sababu mwenzake akiwa ndani ya futi 5 za windo anarusha dadu mbili. Akikuuma usipofikisha 11 kwenye jaribio la nguvu (dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza yako), unaanguka, na hapo kundi zima linakufaidi. Ukisimama bega kwa bega na wenzako, mbwa mwitu mwenye njaa ana sababu ya kumtafuta mwingine.

Goblini ana akili ya 10, sawa na mtu wa kawaida. Yeye anaweza kukulenga, ila *baada ya* kukuona ukitupa moto. Adui mjanja atumie alichokiona na kukisikia. Anayojua mwendesha mchezo ni mambo mengine. Mwambie hivyo kwa upole, nje ya mchezo.

Nawe jilinde. Ukisimama nyuma ya mpiganaji wenu, mwili wake unakupa nyongeza ya 2 ya ulinzi dhidi ya mishale. Na unapoushikilia uchawi kwa umakini, yaani uchawi unaokatika ukivurugwa, ogopa mishale midogo midogo kuliko rungu moja zito. Kila jeraha lina jaribio lake, la kufikisha 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Rungu la madhara 15 ni jaribio moja la 10, wakati mishale mitatu ya madhara 5 ni majaribio matatu. Kwa nyongeza ya 2 unapita jaribio moja kwa asilimia 65, lakini kuyapita yote matatu ni kama asilimia 27 tu. Nahodha mjanja wa maadui ataagiza mishale, na hapo hatakuwa amekuonea.

Je, adui ampige mhusika aliyekwisha kuanguka? (Msomaji, Temeke)

Mara chache, na kwa sababu. Mhusika mwenye uhai 0 hurusha dadu kila zamu yake kupigania maisha, na hufa akifikisha makosa matatu, na pigo la mtu aliye ndani ya futi 5 yake linahesabiwa makosa mawili. Mapigo mawili, basi. Askari aliyeona mganga wenu akimwinua mtu mara mbili ana sababu ya kummalizia. Asiyeona hilo atamgeukia aliyesimama bado na panga.

Mnyama yeye anataka nyama. Fisi na amburute. Mwendo wake ni futi 50, lakini akiburuta ni nusu, futi 25, na mwenzenu mwenye futi 30 bado anaweza kumfikia.