Kabla Hujaandika Chupa ya Tatu: Kwa Wanagenzi wa Kliniki ya Mbwa na Paka

Wiki hii nimemwona mwanagenzi mmoja, kijana mwema na mwenye bidii, akimpangia mwenye paka chupa tatu mezani: ya vitamini, ya mafuta ya samaki na ya unga wa madini. Paka mwenyewe alikuwa na umri wa miaka minne, manyoya yaling'aa, alama ya hali ya mwili ilikuwa 5 kati ya 9 (yaani hakukonda wala hakunenepa), na alikuwa ameletwa kuchanjwa. Nilipomwuliza kijana sababu, alinijibu kwamba mteja ndiye aliyetaka "kitu cha kumwongezea nguvu". Nilinyamaza kwa kuwa mteja alikuwapo, na pia kwa kuwa jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, karibu kwa maneno yale yale, na mbwa mmoja akaumia kwa ajili yake. Nimeyaandika haya kwa ajili yenu mlioanza zamu mwaka huu, wadogo zangu, na nawaomba myasome kabla hamjagusa tena ile rafu ya virutubisho.

1. Swali la kwanza ni "Anakula nini?", na linahusu kila kinachopita kinywani, yaani chakula, vitafunio, mabaki ya mezani na siagi anayofichiwa kidonge.

Mimi sikuliuliza. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi aliletwa mtoto wa Great Dane, aina ya mbwa wakubwa mno, wa miezi minne, mwenye miguu mirefu kuliko akili yake, ambaye vifundo vya miguu ya mbele vilikuwa vimelegea kidogo. Ulegevu wa namna hiyo mara nyingi huisha wenyewe, mradi mnyama atembee mahali pasipoteleza na asiachwe kunenepa, na hilo ndilo nililopaswa kusema. Lakini mwenye mbwa, bwana mtaratibu aliyekuja na daftari, alikuwa akinitazama akisubiri nimpe kitu, nami niliona haya kumrudisha nyumbani na maneno matupu. Mbwa mkubwa ana mifupa mikubwa, basi anahitaji kalsiamu nyingi: hiyo ndiyo hesabu yote niliyoifanya. Nikamwandikia unga wa kalsiamu kaboneti, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na juu yake mafuta ya ini la chewa ili, kama nilivyomweleza kwa sauti ya mtu anayejua, kalsiamu ipate kuingia vizuri mwilini.

Laiti bwana yule angekuwa mzembe. Wateja wengi husahau nusu ya dozi tunazowaandikia, na usahaulifu wao umetuokoa mara nyingi kuliko tunavyokubali. Yeye alisawazisha kila kijiko kwa kisu na kutia alama daftarini asubuhi na jioni kwa wiki saba. Alipomrudisha, mbwa alikuwa akichechemea, miguu ya mbele imeanza kupindia nje kuanzia kwenye kifundo, na alilia nilipomgusa. Nami, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kuongeza kijiko cha tatu. Kalamu ilikuwa tayari mkononi wakati daktari mkuu wa zamu alipopita, akamtazama mbwa, akaniuliza, "Anakula nini?" Ilinibidi nimgeukie mteja na kumwuliza, baada ya wiki saba za kumtibu mbwa wake, mbwa huyo anakula nini. Akafungua daftari na kusoma: gramu 500 kwa siku za chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa, pamoja na dawa zangu.

Daktari mkuu hakunifokea. Alinipeleka chumba cha nyuma, akanipa penseli, akasema, "Piga hesabu, Daktari." Gramu 500 za chakula chenye kalsiamu asilimia 1.2 zilimpa mbwa gramu 6, ambazo zilimtosha. Vijiko vyangu viwili vilikuwa na uzito wa gramu 20, na kwa kuwa kalsiamu kaboneti ina kalsiamu asilimia 40, nilikuwa nimemwongezea gramu 8 kila siku. Mlo wote, ukiondoa maji, ulikaribia asilimia 3, ilhali ukomo unaowekwa na AAFCO, chama cha Marekani kinachotoa viwango vya vyakula vya wanyama, kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi ni asilimia 1.8. Mbwa mzima angeikataa sehemu kubwa ya ziada hiyo na kuitoa kwenye kinyesi, lakini utumbo wa mtoto wa mbwa wa umri ule bado haujajifunza kukataa; kadiri unavyopewa ndivyo unavyopokea. Homoni zinazoruhusu mifupa kuvunjwa na kujengwa upya hushuka, gegedu huchelewa kugeuka mfupa, ulna, mmoja wa mifupa miwili ya mguu wa mbele, hubaki fupi, na radiasi, mfupa wa pili unaoendelea kurefuka kando yake, hujipinda kama upinde. Wala hayo hayakuwa siri. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walikuwa wameyaonyesha katika miaka ya 1980 kwa mbwa wa aina hiyo hiyo ya Great Dane, na mimi nilikuwa nimelijibu swali hilo katika mtihani wa mwisho na kupata alama zote.

Tulisimamisha unga na mafuta, tukampimia mlo, tukampa dawa ya maumivu. Mguu wa kulia ulinyooka kiasi, wa kushoto haukunyooka. Siku ile nilimwambia mteja kwamba "tunabadilisha mpango wa lishe", kauli ambayo hadi leo nikiisikia kutoka kwa mmoja wenu nashtuka. Aliendelea kumleta mbwa kwangu, na mbwa alinikimbilia kila mara kwa mwendo wake wa kuyumba, akifurahi kuniona. Mwaka wa pili nilishindwa kuvumilia, nikamweleza bwana yule kwamba mguu ule niliupinda mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha ukurasa wa nyuma wa daftari, ambako hesabu ile ile ya gramu 6 na gramu 8 ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake, chini ya tarehe ya wiki ile ile tuliyoacha unga.

Msiondoke hapa mkidhani kalsiamu ni sumu. Mtoto wa mbwa au wa paka anayelishwa nyama tupu hupata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, mwili wake huichota kutoka mifupani, na ataletwa kwenu amevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Huyo kalsiamu ni haki yake, pamoja na mlo uliosawazishwa. Tofauti ya wagonjwa hao wawili hamtaiona kwa macho, mtaijua kwa lile swali tu.

2. Someni lebo mpaka mwisho. Kidonge cha mafuta ya samaki cha miligramu 1000 mara nyingi kina takriban miligramu 300 tu za EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3 yenyewe, na hizo ndizo mnazopaswa kuzipigia dozi. Mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili, kwa sababu ya pili yana vitamini A na D ambazo mwili huzihifadhi badala ya kuzikojoa. Na anayebadili yuniti za kimataifa (IU) za kwenye lebo kuwa mikrogramu akumbuke kwamba yuniti 40 za vitamini D ni mikrogramu 1, lakini kanuni hiyo haihusu vitamini A, jambo ambalo nimelisema kwenye kila kikao cha asubuhi tangu mwezi uliopita.

3. Paka si mbwa mdogo. Hawezi kugeuza karotini kuwa vitamini A, hutengeneza taurini, asidi amino ipatikanayo kwenye nyama, kidogo isiyomtosha, na tangu mwaka 1987 tunajua kwamba upungufu wa taurini hutanua moyo wake. Asidi ya alfa-lipoiki, kirutubisho ambacho mbwa hukistahimili, inaweza kumwua paka kwa dozi ndogo zaidi. Niliwahi kumpokea paka mmoja aliyeshindwa kugeuza shingo kujilamba, na nikakaribia kumwandikia vitamini "za mishipa" kabla ya kugundua kwamba alikuwa akila ini kila siku kwa miaka mingi: pingili za shingo yake zilikuwa zimeungana kwa wingi wa vitamini A. Mwenye paka aliniambia kwa fahari kwamba paka hakatai ini hata siku moja.

4. Mteja akisema anampa mbwa "vitamini za watoto", mwambieni alete chupa yenyewe, kwa sababu humo mna madini ya chuma, vitamini D, na pengine zailitoli (kitamu cha badala ya sukari), ambayo gramu 0.1 tu kwa kila kilo ya uzito wa mwili huweza kuangusha sukari ya damu ya mbwa.

5. Kalsiamu, chuma na zinki visipewe pamoja na antibiotiki za doksisaiklini wala enrofloksasini, kwani huishika dawa tumboni isifyonzwe.

6. Kuhusu glukosamini, nyongeza inayouzwa kwa ajili ya viungo vinavyouma, ushahidi ni dhaifu na wateja wataapa kwamba inafanya kazi. Mama mmoja aliniletea mbwa wake mzee aliyekuwa akipanda ngazi upya, akaisifu chupa ile kwa nusu saa nzima, nami nikampandisha mbwa kwenye mizani nikakuta amepungua kilo nne, kwa kuwa siku alipoanza chupa aliacha kumpa mkate wa jioni. Nilimsifu kwa kuuacha ule mkate, lakini chupa alinunua nyingine.

7. Yako magonjwa ambayo nyongeza ndiyo tiba, kama vile kobalamini (vitamini B12) kwa paka mwenye ugonjwa sugu wa utumbo. Hapo msisite, na pimeni damu kwanza.

Ile chupa kubwa ya mafuta ya samaki iliyo rafu ya pili, ambayo kijana wetu alitaka kumpa paka wa chanjo, ilifunguliwa muda mrefu uliopita, mafuta yameharibika na inanuka kama rangi ya kupakia mbao. Mwenye zamu ya kesho asubuhi aitupe kabla kliniki haijafunguliwa.