Weusi Unaoizunguka Picha

SWALI: Mhariri, televisheni yangu ni pana, ya 16:9 (uwiano wa upana kwa kimo), lakini filamu moja niliyonayo kwenye DVD huonekana imezungukwa na weusi pande zote nne, na nikiikuza inapoteza ukali. Je, televisheni ni mbovu?

JIBU: Televisheni yako ni nzima, kasoro imo katika diski. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, ina mistari 576 ya picha, na filamu ya uwiano wa 2.40:1 ikiandaliwa kwa ajili ya televisheni za zamani za 4:3 hupata takriban mistari 320 tu, kwani iliyosalia huliwa na weusi uliorekodiwa ndani ya picha yenyewe. Unapoikuza, unatandaza mistari hiyohiyo michache, ndiyo maana nyuzi za nywele huungana zikawa kama doa. Tafuta toleo ambalo jalada lake limeandikwa 16:9: humo picha imebanwa kwa upana wakati wa kurekodiwa, kisha hunyooshwa inapoonyeshwa, na filamu ileile hupata mistari 427 hivi, tofauti ambayo jicho huiona mara moja. Weusi mwembamba utakaobaki juu na chini, tafadhali usiuondoe kwa kukuza, maana utakata kingo za picha aliyoipanga mwongozaji.