Taa ya kukagulia noti haitoshi: jaribio la fotoelektriki lililoniumbua darasani

Miaka ya mwanzo nikifundisha fizikia kidato cha sita hapa Tanga, athari ya fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali, niliimaliza kwa chaki. Vijana walikariri, wakapasi. Lakini ukiwauliza kwa nini mwanga hafifu wa aina moja ushinde mwanga mkali wa aina nyingine, wanakutazama tu.

Nikaamua kuwaonyesha. Nilinunua taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, nikaimulikia zinki yenye chaji, iliyounganishwa na vipande vya foili, mbele ya darasa zima. Hakuna kilichotikisika. "Mwalimu, sogeza karibu." Nikasogeza. "Basi ongeza nyingine." Tukaazima ya pili. Wapi!

Usiku nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kwenda dukani. Taa zile hutoa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hivi, yaani kila fotoni, chembe moja ya mwanga, ina nishati ya elektronivolti 3.4. Zinki inadai kama 4.3 ndipo iachie elektroni. Ni kama kiingilio cha uwanjani: kila mtu analipa chake getini, kuchangiana hakuna, hata mkija elfu moja. Hilo ndilo Einstein alilolieleza mwaka 1905, na ndilo lililotajwa alipopewa Nobel ya 1921, wala si nadharia yake ya uhusianifu kama wengi wanavyodhani.

Kwa hiyo tafuta taa ya kuua vijidudu kwenye maji. Waulize wanaouza vifaa vya kusafishia maji. Hiyo ni nanomita 254, karibu elektronivolti 4.9. Ila taa hii haina mchezo, inaunguza macho na ngozi. Yangu naifungia ndani ya boksi lenye tundu moja linaloelekea kwenye zinki, na swichi naishika mimi. Mwanafunzi haigusi.

Vilivyobaki ni vya nyumbani. Chupa ya jemu, waya wa shaba uliopitishwa kwenye kifuniko na kuzungushiwa nta ya mshumaa ili chaji isivuje, na chini ya waya vipande viwili vyembamba vya foili. Juu ya waya unaweka zinki: ganda la betri kubwa ya tochi, ile ya kawaida isiyo ya alkali, ukalikata, ukalisafisha na kulinyoosha. Lipige msasa mpaka ling'ae, na ulipige dakika hiyohiyo unayotaka kuanza. Niliwahi kulisugua asubuhi nikafundisha saa nane. Utando unaoifunika zinki ikikaa hewani ulikwisharudi, jaribio likagoma.

Kisha sugua bomba la plastiki kwa kitambaa cha sufu, ulipitishe kwenye zinki. Foili zinaachana: una chaji hasi. Usiwashe taa bado! Hesabu kwanza zinachukua muda gani kulegea zenyewe. Hewa ya pwani hii ina unyevu, na siku ya mvua zangu zilianguka ndani ya nusu dakika bila taa yoyote. Ningeiwasha ningewadanganya watoto. Siku hizi naikausha chupa kando ya jiko la mkaa kwanza, na siku ikiwa mbaya naahirisha.

Sasa washa. Foili zinashuka mbele ya macho yako, kwa kuwa mwanga unang'oa elektroni na chaji hasi inapungua. Rudia kwa chaji chanya, kutoka kwenye kioo kilichosuguliwa kwa hariri: zinabaki zimeachana, maana elektroni zikijaribu kutoka zinavutwa zirudi. Mwanafizikia Mjerumani Hallwachs aliyaona haya mwaka 1888, mwaka mmoja baada ya mwenzake Hertz kugundua kwamba urujuanimno hurahisisha cheche kuruka.

Na ile taa ya noti usiitupe. Mimi huanza nayo kila mwaka, nawaacha waongeze ya pili na ya tatu mpaka wachoke. Halafu naleta ile ya maji, na katikati naweka kipande cha kioo cha dirisha. Foili zimetulia. Nakiondoa kioo, zinaanguka. Mwaka jana binti mmoja aliniomba nikirudishe, nikitoe tena, mara nne, kisha akauliza: "Mwalimu, kumbe kioo hiki kwa mwanga huu ni ukuta?"