Spika zako zinapigia masikio ya watu

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi ya mitambo ya shughuli, kabla ya kubishana spika ya nani ni kali, jifunze kwanza jinsi watu wanavyosikia.

Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia huipata mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huikamata na kujua sauti inatoka upande gani. Kwa sauti nene hutegemea muda huo. Kwa nyembamba hutegemea zaidi kichwa chenyewe, maana kinazikinga na sikio la pili huzipata zimefifia. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliyaeleza haya mwaka 1907. Besi ya chini kabisa, chini ya hezi 80 hivi (yaani mitetemo 80 kwa sekunde), ukumbini ni vigumu kujua inatoka wapi, kwa hiyo usihangaike kugawa sabufa kulia na kushoto. Anayekudai besi ya stirio mwache aongee.

Kinachowaumbua wengi ni spika za nyuma. Kiwanja kikiwa kirefu, tuseme kule Mbagala, unaweka nyingine mita 35 kutoka jukwaani ili walio mbali wasikie. Kwa joto letu la Dar, nyuzi 30, sauti hukimbia kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya jukwaani itafika pale baada ya milisekunde 100. Usipozichelewesha spika za nyuma, watu wa huko watamsikia MC mara mbili, na bibi harusi wala hatajua kaitwa nani. Weka ucheleweshaji wa 100, kisha ongeza 10 hadi 20. Sikio huamini sauti iliyotangulia kufika: mtu atasema MC yuko mbele, ingawa nguvu yote inatoka spika iliyo jirani yake.

Halafu kuna besi kwenye simu. Kispika cha simu hakiwezi kutoa hezi 60, ila ikipigwa noti hiyo hutoa 120, 180 na 240 zinazoambatana nayo, na ubongo unaijaza 60 iliyokosekana. Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba besi ya singeli yake haisikiki kwenye simu, usiongeze 60. Nyanyua hizo za juu yake, au tia mkwaruzo kidogo kwenye besi zizaliwe.