Sindano moja: mbuzi katupa mimba, kondoo kagoma

SWALI: Dume wa kondoo na beberu walivunja uzio wakawapanda majike wadogo ambao sikutaka washike mimba. Siku 75 baadaye walidungwa wote prostaglandini ya chupa moja. Mbuzi walitupa mimba ndani ya siku tatu. Kondoo wanakula kama kawaida na matumbo yanakua. Dawa iliisha nguvu? Warudiwe?
Mfugaji, Narok

JIBU: Dawa ilikuwa nzima, mbuzi wameshathibitisha. Kondoo usiwarudie.

Mimba hushikiliwa na projesteroni. Yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari huota tezi ya njano, nayo ndiyo hutoa homoni hiyo. Prostaglandini huiua tezi. Mbuzi hana chanzo kingine cha kumtosha mpaka siku ya kuzaa, kwa hiyo tezi ikifa na mimba inakwenda. Kondoo huitegemea ovari siku 50 hadi 60 za mwanzo tu. Baada ya hapo kondo la nyuma hujitengenezea projesteroni ya kutosha. Kondoo wa siku 75 hata akikatwa ovari zote mbili, mimba inabaki.

Waache wazae, karibu siku ya 147. Kwa kuwa ni wadogo, nyonga zao ni nyembamba: wasinenepeshwe kupita kiasi mwishoni, na uwe karibu siku zikitimia.

Siku nyingine, kabla ya kudunga subiri siku 7 hadi 10 tangu dume aondolewe, kwani tezi yenye umri chini ya siku 5 haisikii dawa, na usivuke siku ya 45. Kloprostenoli (aina ya prostaglandini) ya mikrogramu 250 kwa mililita, kondoo hupewa nusu mililita msulini, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike kabisa: inapenya ngozi.

SWALI: Jike wangu mmoja wa kondoo alirudi joto siku ya 17 baada ya kupandwa, mwingine siku ya 27. Dume ndiye mbovu?

JIBU: Huyo wa siku 27 huenda alishika. Kondoo asiye na mimba, mji wa mimba humwaga prostaglandini yake wenyewe karibu siku ya 14. Haizunguki mwili mzima kwanza. Mshipa wa ateri ya ovari umejisokota juu ya vena ya mji wa mimba, na homoni hupenya moja kwa moja hadi kwenye ovari. Tezi inakufa, joto linarudi siku ya 16 au 17.

Kiinitete kilicho hai huwahi kuzuia hilo. Kufikia siku ya 13 kimeshanyooka kama uzi na kinatoa protini ya interferoni tau, inayouzuia mji wa mimba usiitikie oksitosini, homoni inayouchochea kumwaga prostaglandini. Bila mwitikio huo mapigo ya prostaglandini hayaji. Kikifa kabla ya siku ya 12 hivi, jike hurudi kwa wakati wake kana kwamba hakupandwa. Kikifa baadaye, tezi imeshaokolewa, hivyo joto huchelewa. (Au joto la siku ya 17 lilikupita bila kuliona, kondoo hapigi kelele kama mbuzi.)

Dume mpake rangi kifuani na uibadilishe kila siku 16, uone nani amerudiwa. Wakirudi wengi siku ya 17, hapo mpime dume. Wakichelewa wengi, tafuta joto kali la jua, njaa ya ghafla au ugonjwa. Ultrasaundi ya siku ya 35 itakuonyesha waliobaki na mimba.