Kabla ya kubadili huduma, zima kamera

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako 90 wanaingia kwa simu kwenye kipindi chako cha mtandaoni na baada ya nusu saa wamebaki 30, ukauliza uhamie huduma gani ya kufundishia. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, waombe mafundi wawawekee BigBlueButton, programu ya madarasa ya video, kwenye seva ya chuo. Ile ya bure inayokuja na Moodle haibebi watu 90. BigBlueButton ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007, kwa ajili ya kufundishia hasa. Zoom ya bure hukatika dakika ya 40.

Lakini kinachomaliza bando ni video. Zima kamera zote, hata yako ukishasalimia; sauti na slaidi vinatosha. Mimi kila dakika kumi nawapigisha kura ya swali moja: yakirudi majibu 12, najua nimewapoteza, narudia taratibu.

Na tafadhali sana, rekodi kila kipindi. Nina mwanafunzi aliyekuwa akinisikiliza alfajiri kwa bando la usiku, kwa kuwa ni nafuu. Maswali yake yalikuwa makali kuliko ya waliohudhuria.