Jibu: Takwa na watoto Jumamosi

Waalaikumu salaam, dada. Umeuliza mtoke Lamu saa ngapi kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, na watoto bila kukwama kwenye mikoko. Kwanza tazama mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukauka kuliko kawaida: maji hukauka mnamo saa nne asubuhi, hujaa karibu na saa kumi alasiri, na mkono wa bahari uingiao Takwa hupitika vizuri maji yakijaa tu. Kwa hiyo mwulize nahodha saa ya kurudi kabla hujauliza bei. Asiyetaja maji, sisi hatupandi chombo chake. Watoto wavalishwe maboya tangu gatini. Bebeni maji ya kunywa tele, kule Manda maji matamu ni shida. Waonyeshe ile nguzo juu ya kibla cha msikiti, wangu huipenda mno.